Ua wa Kuangalia Ndani

Nimefuga ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniangalia machoni halafu akaruka ua. Huyu farasi aliniangalia. Alisimama katikati ya boma, akainua kichwa, akaniona nimesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria ya chai mkononi, halafu akakimbia kidogo tu na kupita juu ya miiba vile mtu anavyovuka mtaro. Hakugusa hata tawi. Nilibaki na sufuria yangu.

Na hiyo ilikuwa asubuhi yake ya kwanza kwangu. Hata jina la mahali alikuwa hajajua.

Mimi nakaa upande ule wa Kitengela ambao maploti hayajafika vizuri. Ukifuata barabara ya kwenda Kajiado unaacha maduka ya vyuma, unaacha nyumba za mabati mekundu, halafu nyika inafunguka. Sisi tuko hapo, kwenye kipande ambacho mzee wangu alikataa kuuza mpaka akafa. Nyuma ya boma langu hakuna mtu. Kuna nyasi, mawe na pundamilia.

Farasi ni wa msichana wangu wa mwisho. Anafanya kazi kwa mtu anayefuga farasi wa mbio, huko upande wa Ngong. Anawapiga brashi, anawaosha, anawatembeza. Huyu mdogo alizaliwa hapo bila kupangwa. Mamake ni farasi mkubwa wa mbio, mrefu, wa bei. Babake ni poni wa jirani, kitu kifupi cha kubeba watoto, ambaye siku moja aliruka ua akaingia kwa huyo mama bila kuitwa. Mwenye farasi alipoona mtoto hatakuwa na urefu wa kushindana, akamwambia msichana wangu, chukua.

Nilimwuliza, "Kwa hivyo babake aliruka ua?"

"Ndiyo, Yeyo." Hivyo ndivyo sisi Wamaasai tunavyomwita mama.

"Na wewe unaniletea mtoto wake nimweke ndani ya ua?"

"Yeyo, ni mdogo. Ni mpole sana. Nichungie tu mpaka nipate mahali."

Nilikubali, na nitasema kwa nini. Kaka zake kila mmoja alipewa ng'ombe na baba yao. Yeye hakupewa, kwa sababu ni msichana na watu walidhani ataolewa aende akute ng'ombe wa huko. Hajaolewa. Sisemi ni vibaya, nasema vile ilivyo. Mnyama wake duniani ni huyu mmoja. Alikuwa amepanga amfundishe, akishakomaa aache kazi ya watu, awe anapandisha watoto wa mjini kila Jumamosi. Watoto wa Kitengela wanapenda farasi kuliko wanavyopenda chakula, nimewaona. Huo ndio mpango wake wote. Hana mwingine.

Basi siku hiyo ya kwanza niliweka sufuria chini, nikachukua fimbo, nikatoka kumfuata. Sikuhitaji kwenda mbali kumwona. Alikuwa amesimama katikati ya pundamilia kama mgeni aliyefika kwenye harusi bila kadi. Wakati wa kiangazi hawa pundamilia wanakuja karibu sana na nyumba, wanakula pale mbuzi wangu walipoacha. Wao walikuwa wanamwangalia, yeye alikuwa anawaangalia. Hawakuelewana lugha, lakini alikuwa amefurahi mpaka mkia umesimama.

Simu ikalia. Msichana.

"Yeyo, amekula?"

"Amekula. Na ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Ameenda kusalimia watu wenye mistari."

Halafu akaanza kulia, nikamwambia mtu halii kwenye simu, inaharibika.

Jioni farasi alirudi mwenyewe. Dume la pundamilia lilikuwa limemwuma matakoni, limetoa nywele na ngozi kidogo. Nilimpaka dawa ya buluu ile ya ng'ombe nikimwambia vizuri. Unaona? Hao si ndugu zako. Alisimama akanisikiliza kwa heshima zote, masikio mbele. Kesho yake akaruka tena.

Mimi ua naujua. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, sisi wanawake tulijenga nyumba, lakini mzee alipofariki na vijana wakaenda kutafuta maisha, ni nani angejenga? Nilijenga. Na nilijenga vile alivyokuwa akijenga yeye. Unakata matawi ya mgunga, unayaburuta, unayapanga kwa mviringo. Shina linaangalia ndani, miiba inaangalia nje. Ukisimama nje huoni mahali pa kuweka mkono. Fisi akija anazunguka, anachoka, anaenda kusumbua wengine. Hakuna mnyama ameingia kwangu tangu nianze kazi hiyo. Sijisifu. Uliza mtu yeyote.

Kwa hivyo niliuongeza. Niliweka matawi juu ya matawi mpaka ua ukanifika kichwani, mikono ikawa imejaa michubuko kama nimepigana na paka. Farasi alisimama kando akiniangalia nikifanya kazi, anatafuna. Nilipomaliza, nikaenda kunawa. Kugeuka, yuko nje.

Jirani yangu alikuja kunipa pole, na pia kulalamika. Ni mama wa kutoka Murang'a, alinunua ploti ya karibu na barabara, amelima sukuma wiki na vitunguu kwa maji ya tanki. Mwanamke wa bidii. Tumeishi vizuri miaka mingi kwa sababu yeye hapendi mbuzi wangu na mimi sipendi mbwa wake, na tunaambiana.

"Takwenya, Koko," akasema. Salamu yetu alishajifunza, na hilo la Koko, yaani bibi.

"Iko," nikamjibu. "Kaa."

"Sikai. Koko, yule punda wako mzuri amepita kwa vitunguu vyangu."

"Si punda."

"Amepita kama punda."

"Amekula?"

"Hakukula. Alipita tu mbio, hata hakuangalia. Hiyo ndiyo iliniuma. Mbuzi wako wakiingia angalau wanakula, mtu anaona walikuwa na haja."

Nilimpa chai. Akakaa. Akaniambia niweke seng'enge, ile waya yenye meno, kama yake. Nikakataa. Nilishaona ng'ombe aliyejaribu kupita kwa hiyo waya. Ng'ombe akiumia unaweza kumchinja, lakini farasi nitamfanyia nini? Akasema basi mfunge kamba. Nilikuwa nimejaribu. Alizunguka mti mpaka kamba ikaisha, akabaki shavu limebanwa kwenye gogo, anapumua kwa hasira. Akasema basi mfunge miguu ya mbele, kama punda. Hilo nalo nilijaribu jana yake, nikampigia msichana simu kumweleza, akapiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni. Ati miguu ya farasi ndiyo farasi mwenyewe, akianguka akavunja mfupa mmoja amekwisha. Nikaenda kumfungua. Alikuwa amelala chini kwa kununa.

"Msichana anasema anataka rafiki," nikamwambia jirani. "Ati farasi hakai peke yake."

"Si umpe mbuzi?"

"Nilimpa mbuzi."

"Na?"

"Mbuzi amempenda. Yeye hataki."

Alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi pia nilicheka kidogo, lakini si sana, kwa sababu wakati huo tulikuwa bado tunacheka tu.

Kucheka kuliisha wiki hiyo hiyo. Watu wa ng'ambo ya mto waliamka wakakuta punda wao ameliwa nje ya boma. Haikuwa fisi. Simba wanatoka mbugani wakifuata hao pundamilia, kila kiangazi, kila mtu hapa anajua, na anayejua anafunga mlango mapema. Watu wa wanyamapori walikuja na gari, wakaangalia nyayo, wakatuambia tuweke mifugo ndani. Ndani! Nikaangalia farasi. Farasi alikuwa anaangalia pundamilia.

Nilimwambia msichana ukweli, sikumficha.

"Yeyo, kuna mwanamume hapa Matasia alishaniambia nimwuzie. Ana banda la mawe. Nitakuja Jumamosi na pikapu."

"Unataka kumwuza?"

"Sitaki."

"Sasa?"

"Sasa ni afadhali awe wa mtu mwingine akiwa mzima."

Maneno hayo yalikuwa ya mtu mkubwa, na sikuyapenda. Nilimwambia aje Jumamosi, lakini pikapu asiite mpaka aongee na mimi. Nikakata. Mimi nimechunga mifugo ya baba yangu, ya mume wangu na ya vijana wangu. Mnyama mmoja wa msichana wangu ndio nishindwe? Nilijisikia vibaya, na nikijisikia vibaya huwa nafanya kazi.

Lakini safari hii sikushika panga. Nilichukua kigoda nikakaa ndani ya boma, pamoja na farasi, nikamwangalia yeye badala ya kuangalia ua. Asubuhi yote. Wali wa jana ulichachuka jikoni na sikuinuka.

Jambo la kwanza niliona ni kwamba hakuruka mahali popote tu. Alikuwa na mahali pake. Anaanzia kwenye kichuguu, pale ardhi imeinuka, anateremka mbio, anaruka upande unaoangalia nyika. Kila mara hapo. Nilienda nikasimama hapo. Ua ulikuwa mrefu sawasawa na kwingine. Nikarudi kwenye kigoda. Halafu nikafikiria, huyu hasimami vile mimi nasimama. Macho yake yako pengine. Basi nikashuka kwenye kigoda, nikapiga magoti kwenye mavi ya mbuzi, mama mzima na leso zangu, nikaangalia ua kutoka ndani.

Hakukuwa na miiba.

Yaani ilikuwepo, lakini nje yote. Huku ndani niliona mashina. Mashina safi, yamelala moja juu ya lingine, laini, kama ngazi ambayo mtu amemwekea mgeni. Katikati ya mashina kulikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi niliona nyika yote mpaka vilima, na pundamilia wakila. Nilikaa hapo chini nikacheka peke yangu. Kumbe nilikuwa nimejenga mlango wa wazi kwa mviringo.

Sisi hatujui kuzuia kitu kutoka. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Tangu babu zetu, ua ni wa kuzuia kitu kuingia. Ng'ombe akiwa ndani anataka kukaa ndani, kwa nini atoke? Nje kuna meno. Ndiyo maana tunampa fisi miiba na ng'ombe tunampa upande laini asijichome. Kila tawi nililoongeza nilikuwa namwongezea simba miiba, na huyu mtoto wa kuruka ua namwongezea ngazi.

Sasa nifanye nini? Nikigeuza miiba iangalie ndani, farasi atabaki, lakini simba ataipata ngazi yeye. Nilizunguka na jambo hilo kichwani nikichemsha maji. Jibu lilikuwa kazi tu. Ua wa nje ubaki kama ulivyo. Ndani yake nijenge mwingine, mfupi, unaoangalia ndani, na katikati ya nyua hizo mbili niache nafasi. Hata akifikiria kuruka, ataona miiba usoni na mbele ya miiba aone kitu kingine, asijue mahali pa kutua. Na kichuguu kibaki nje ya huo wa ndani, asipate pa kuanzia mbio.

Nilimwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu mzee, aje anisaidie kukata. Anakaa karibu, ana punda wa kuburuta. Alikuja na fimbo yake na kofia yake ya kanisani, akaona tawi la kwanza nililolaza, akasimama.

"Shemeji, umeliweka vibaya hilo."

"Nimeliweka vizuri."

"Miiba iko ndani."

"Najua mahali miiba iko. Imenichoma mimi, si wewe."

Akazunguka tawi kama linaumwa. "Tangu lini ua ukaangalia ndani? Huyo simba wako unayemwogopa yuko ndani?"

"Yuko ndani. Yule pale. Ana mkia mrefu."

Farasi akainua kichwa kama ameitwa. Shemeji akamwangalia, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa. Akasema watu wakipita wataona aibu. Wataona boma limevaliwa nje ndani kama shati la mlevi. Nikamwambia watu wakipita wapite. Akasema yeye hajawahi kulaza tawi hivyo na hataanza uzeeni. Nikamwambia sawa, basi wewe kata, mimi nitalaza. Hapo alikubali, kwa sababu kukata hakuna aibu. Tulifanya kazi hivyo, yeye anakata na kuburuta mpaka mlangoni, akiwa amegeuza uso asione, mimi napanga. Jirani wa vitunguu alikuja na glavu zake za shambani, akanikopesha, halafu akaona vile napanga pole pole akazichukua akavaa mwenyewe.

"Koko, sikujua kuna siku nitajenga boma la Kimaasai!"

"Hili si la Kimaasai. Hili ni letu sisi wawili. Weka hilo hapo."

"Hapa?"

"Geuza. Miiba kwa farasi."

"Pole, farasi," akasema, akageuza.

Tulimaliza Ijumaa jua likiwa bado juu. Nilimtoa farasi kwenye zizi la ndama, ambamo nilikuwa nimemfungia na ambamo alikuwa amekula nusu ya mlango, nikamwachilia kwenye ua mpya. Tukasimama sisi watatu nje tukingoja. Shemeji alisema ana haraka, lakini hakuondoka.

Pundamilia walikuwa mbali kidogo, halafu wakasogea. Farasi aliwasikia kabla sisi hatujawaona. Alikwenda mbio upande wake ule ule, shingo imenyooka, na mimi nikashika mkono wa jirani, nakwambia, kwa sababu alikuwa anakimbia kama mtu ambaye hajapewa habari. Alipofika akaona miiba. Alikaza miguu yote minne, vumbi likapanda, akasimama pua iko karibu na mwiba. Akanusa. Akajichoma mdomo. Akaruka nyuma akapiga chafya.

"Eee," akasema jirani.

Akajaribu upande mwingine. Akasimama. Akazunguka wote, akitafuta, na kila alipoangalia ua ulikuwa unamwangalia. Mwishowe alisimama katikati akalia ile sauti yao, ndefu, ya kutetemeka, na pundamilia wakainua vichwa wakamsikiliza, halafu wakainama wakaendelea kula. Nilimhurumia. Sikumfungulia, lakini nilimhurumia. Nilimletea majani makavu na chumvi kidogo, akakataa, akangoja niende, akala.

Shemeji akakohoa. "Ni mbaya sana kwa macho," akasema. "Lakini ameshindwa."

Jumamosi msichana alikuja na bodaboda kutoka mjini, amevaa viatu vyeupe na suruali nzuri, uso umevimba wa mtu asiyelala. Alikuwa ameleta kamba mpya ya kichwa, ya kumpeleka nayo farasi. Nilimwacha aende mwenyewe. Pundamilia walikuwa hapo nyuma kabisa, karibu mtu awahesabu mistari, na farasi alikuwa ndani, anawaangalia, anatafuna. Alimwona msichana akaja kwa mlango mdogo tulioacha, akaweka kichwa kwenye bega lake. Msichana akashika ile shingo akakaa hivyo.

Halafu akaangalia ua, wa ndani na wa nje, akazungusha macho polepole.

"Yeyo, miiba imegeuka."

"Imegeuka."

"Nani amekuambia?"

"Nilipiga magoti nikaona."

Alitoa simu, akampigia yule mwanamume wa Matasia hapo hapo, mkono mmoja bado uko kwenye shingo ya farasi. Alimsalimia vizuri, akamwuliza habari ya watoto, halafu akamwambia pole, mnyama hauzwi, amepata mahali. Nilisikia mtu huyo akibembeleza. Msichana akasema hapana mara moja tu, na kwa sauti ambayo sikujua anayo. Akaweka simu mfukoni na kuja kukaa jikoni kama mtu aliyemaliza kazi.

Nikamwangalia. Ua wa miiba si ukuta. Majani yanakauka, matawi yanalala, na ukiuacha unashuka mpaka mbuzi anapita juu yake. Na sasa niko na nyua mbili badala ya mmoja, na mimi si kijana tena.

"Umekunywa chai?" nikamwuliza.

"Bado, Yeyo."

"Kunywa. Panga liko nyuma ya mlango. Ule ua wa ndani, upande wa kichuguu, unataka matawi mengine."

Akaangalia viatu vyake vyeupe. Mimi pia niliviangalia.

"Kuna buti za kaka yako," nikamwambia. "Ni kubwa lakini zinaingia."

Alikunywa chai amesimama, akavaa buti, akachukua panga. Nilimsikia huko nje anakata, na akilalamika kila akichomwa, na farasi akimfuata kwa ndani hatua kwa hatua, anachungulia. Tawi la kwanza alililaza vibaya, miiba nje. Nilitoka nikampigia kelele.